Dawa za Siku za Hasira

Kwa wewe uliyeambiwa wiki hii kwamba una presha, ukatoka kliniki ukijiambia huyo aliyekupima ni mtoto mdogo hajui maisha: kaa chini. Mimi pia nilisema hivyo. Nilikuwa mjinga, na mjinga aliyetoka shimoni ana deni moja tu, kuonyesha wengine shimo liko wapi.

Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo mambo ya mishipa na figo usiniulize. Waulize wenye koti nyeupe. Mimi nitakuambia vile ilivyo kukaa kwenye ile benchi, kula chakula bila chumvi, na kuishi na mke ambaye kwa karibu mwaka mzima alinificha mambo ya nyumba yangu mwenyewe.

Nilianza maisha nikibeba viazi kwa mgongo kule Keringet, juu milimani. Siku hizo gunia lilikuwa lumbesa, lile linalojazwa hadi mdomoni, kisha linashonewa wavu juu na kujazwa tena, hadi linapata kichwa na mabega kama mtu. Nililitoa shambani nikalifikisha barabarani kwenye matope, na sikuwahi kuangusha hata moja. Baadaye nikanunua viazi vyangu mwenyewe, baadaye nikapata stoo mjini Nakuru, mtaa wa Bondeni, na watu wakaanza kuniita mzee kabla sijazeeka. Hakuna mtu alinishika mkono. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Mwili ulikuja pamoja na mali. Kule juu, mnunuzi mwembamba wakulima hawamwamini, wanaona kama ni mtu anayepita tu. Tumbo langu lilikuwa kitambulisho. Kila mwaka fundi wa nguo aliongeza kipande cha kitambaa nyuma ya suruali, mpaka siku moja akaniambia kwa adabu kwamba sasa kiraka ndicho kikubwa kuliko suruali. Asubuhi mke wangu, Wairimu, aliinama kunifunga kamba za viatu, kwa maana mimi miguu yangu nilikuwa naisikia tu, siioni. Akimaliza anapiga tumbo kwa kiganja na kusema, haya lumbesa, enda kazi. Tulicheka sana. Sikujua kicheko chake kilikuwa na wasiwasi ndani.

Lazima nikuambie habari za kaka yangu Kimani, la sivyo hutaelewa nilichokuwa naogopa. Kimani alipooza upande mmoja akiwa bado na nguvu za kulima. Alilala miaka sita. Mkewe alimgeuza kwa shuka, asubuhi kulia, jioni kushoto, akamlisha, akamwosha, mpaka mgongo wa yule mama ukaisha kabla Kimani hajaisha. Siku tulipomzika nilimwambia Wairimu pale pale kaburini kwamba yeye hatanigeuza. Kifo sikukiogopa. Niliogopa kumwachia yule mwanamke mzigo wa mwili huu, kilo mia moja na ishirini na moja.

Kliniki ya kwanza ilikuwa wakati wa kupanda, mvua ndefu ikiwa imeanza vizuri. Kichwa kilikuwa kinaniuma kwa nyuma, karibu na shingo, wiki nzima. Niliinama stoo kukagua mbegu, damu ikatoka puani ikaanguka juu ya viazi. Wairimu alikuwa amesimama mlangoni. Hakupiga kelele. Alinipa leso yake, akafunga stoo, akaniambia tunaenda hospitali, na kwa sauti ile sikubishana.

Mkanda wa kupimia presha haukutosha mkono wangu. Sista, msichana mrefu anaitwa Chebet, alijaribu mara mbili, ukafunguka wenyewe ukalia krrr. Akaenda chumba cha pili kuazima mkubwa. Watu kwenye benchi wakaugeukia mkono wangu. Nisikudanganye, nilijisikia vizuri.

Alipima, akapima tena. Akaniambia presha yangu iko juu sana, kwamba ni bahati nimefika kwa miguu. Akanipa dawa, moja kila asubuhi. Akaniambia nipunguze uzito, nipunguze chumvi, nitembee. Halafu, akinirudishia kitabu changu cha kliniki, akaongeza la mwisho:

"Na mzee, usijipe presha."

Hapo ndipo nilipopotea. Hapa kwetu Nakuru presha ni nini? Mwenye nyumba akikusumbua, amekupa presha. Gari la viazi likikwama, una presha. Kijana akikuona una haraka anakuambia wacha presha, boss. Kwa hivyo nilitoka pale nikiwa nimeelewa vizuri kabisa, kwa akili yangu, kwamba ugonjwa wangu ni kukasirishwa. Na dawa ya kukasirishwa, mtu mwenye akili anaimeza lini? Akikasirika.

Niliziweka mfuko wa koti, kama vile mtu anabeba mwavuli. Dereva akinijibu vibaya, nameza moja. Siku imepita salama, sigusi. Mwezi mzima nilimeza nne, labda tano, na nikajisifu kwa Wairimu kwamba mimi ni mtu mtulivu kuliko nilivyodhani.

Nyumbani niliwakusanya, yaani Wairimu, na binti yetu Njeri kwa simu kutoka Naivasha, ambako alikuwa ameajiriwa kwenye shamba la maua. Niliwaambia daktari amekataza mimi kupewa presha. Nililisema kwa uzito, kama amri. Wakakubali.

Ukweli ni kwamba mwanzoni nilifurahia. Nilikuwa kama mfalme. Nikiingia, mazungumzo yanabadilika. Nikiuliza mambo yakoje, yako sawa. Nikiuliza ng'ombe wa shambani, anakula vizuri. Njeri alipiga simu kila Jumapili, kazi sawa, afya sawa, salimia watu. Nilikaa kwenye kiti changu nikala mukimo, viazi vya kupondwa na mahindi, na nyama ya kukaanga, na chumvi nilinyunyiza kabla ya kuonja, kama kawaida. Niliona kwamba nyumba isiyo na habari mbaya ndiyo dawa yenyewe.

Kliniki ya pili, viazi vilikuwa vimetoa maua. Presha imepanda. Nikamwambia Sista Chebet mashine yake ina kasoro, mimi mwezi huu sikukasirika hata kidogo. Akaniuliza kama nameza dawa vile alivyosema. Nikasema ndiyo, na sikuwa nadanganya. Akaongeza dawa ya pili, na nikaitia mfuko ule ule.

Jumanne za presha zinaanza mapema. Ukifika saa moja utakuta watu thelathini, kila mmoja na kitabu chake cha mazoezi kilichofungwa kwa mfuko wa plastiki. Hakuna anayesoma, hakuna anayecheka, mpaka mmoja aanze. Kwetu aliyekuwa anaanza ni Mama Zuhura, mama wa Kiislamu wa pale pale Bondeni, anapika mahamri alfajiri na mwenyewe haruhusiwi kuyala. Alikuwa akija kliniki hiyo kwa miaka mingi. Alijua benchi gani ina msumari, na alijua nani hakuja wiki iliyopita na kwa nini.

Kliniki ya tatu ilikuwa ule mwezi wa baridi kali, ukungu wa Keringet unanifuata mpaka mjini. Foleni ilikuwa ndefu, kwa hivyo Sista Chebet alitoka akaanza kupima watu pale pale kwenye benchi. Akanipima. Akakaza midomo. Akaniuliza kama nimebeba dawa, nikatoa mfuko wa koti wote nikamwekea mapajani. Akahesabu. Akahesabu tena.

"Mzee, hizi hazijaisha. Hata nusu."

"Sikukasirika mwezi huu," nikamwambia.

Aliniangalia kama mtu aliyesikia lugha ya mbali. "Hukufanya nini?"

"Sikukasirika. Hizo nne zilizopungua nilimeza siku ya dereva, na ile siku jirani alisogeza ua wake."

Halafu Mama Zuhura akaachia kicheko mpaka akashika kifua, na wengine wakafuata, hata mzee mmoja aliyekuwa amelala. Mimi nikavimba. Mama Zuhura alipopata pumzi akaniegemea akaniambia polepole, "Mzee wangu, dawa hii haiulizi kama umenuna. Hata ukiamka unaimba, meza."

Sista Chebet hakucheka. Alichuchumaa mbele yangu ili macho yetu yalingane, akaniuliza kama kuna mtu kwetu aliyewahi kupooza. Nikasema kaka yangu. Akauliza, huyo kaka yako alikuwa mtu wa hasira?

Kimani? Kimani alikuwa anaomba msamaha hata kwa mbuzi aliyemkanyaga. Miaka hamsini sikusikia sauti yake ikipanda. Kila mara nilisema alirogwa, kwa sababu mtu mpole namna ile hawezi kupigwa hivyo bure. Nilikaa pale mbele ya watu thelathini nikiwa nimeshika vidonge vyangu, na nikaona shuka la Kimani na mikono ya mkewe. Nilikuwa natembea kwenda mahali pale pale, nikijisifu njiani.

Nilimeza ya siku hiyo pale pale, na maji ya chupa ya Mama Zuhura.

Kutoka hapo nikawa mtu wa saa. Kila asubuhi, nikiwa na furaha au sina, kidonge kwanza, chai baadaye. Wairimu aliviweka kwenye kisosi karibu na kikombe. Sukari kwenye chai tulipunguza kijiko kwa kijiko. Chumvi ilikuwa vita. Wiki ya kwanza bila chumvi niliona githeri, mahindi na maharagwe, ni kama kutafuna karatasi, nikamwambia Wairimu amesahau kupika. Akaniambia nile au nimpe mbwa. Mbwa alikula. Wiki ya tatu ulimi ukaanza kusikia ladha ya mahindi yenyewe, na ya mboga ya managu, na nikanyamaza. Wewe pia utanyamaza. Subiri wiki tatu.

Kutembea nilianza kwa aibu, kutoka stoo hadi kona ya msikiti na kurudi. Siku ya kwanza nilisimama mara mbili nikijifanya nasoma mabango. Watoto wa mtaa waliuliza mzee anafukuzwa na nani. Nilipoenda Keringet kununua viazi niliacha kukaa ndani ya pikapu, nikatembea na mkulima matuta yote hadi mwisho wa shamba, na nikagundua pia kwamba mwisho wa shamba ndipo wanaficha viazi vidogo. Mwili ukaanza kupungua. Nilijipima stoo kwenye mizani ya magunia, kwa maana ile naijua haisemi uongo. Mia na kumi na sita. Mia na kumi. Siku moja nikaangalia chini nikaona vidole vyangu vya miguu. Nilimwita Wairimu aje avione.

Lakini jitayarishe kwa maneno ya watu. Hapa kwetu mtu mzima akikonda, ni mambo mawili tu: amefilisika, au ana ule ugonjwa. Wakulima walianza kunisalimia kwa sauti ya matanga. Kanisani mama mmoja alimuuliza Wairimu kama siku hizi wanapika nyumbani. Wairimu aliumia na hilo, nikaona, lakini nilipomuuliza akasema hakuna kitu. Kila kitu kilikuwa hakuna kitu. Ile amri yangu ya usinipe presha nilikuwa nimesahau kuiondoa. Dawa nilikuwa nameza vizuri, lakini nyumba ilikuwa bado inatembea kwa vidole mbele yangu, na mimi sikujua.

Alhamisi Wairimu alikuwa anaenda chama cha akina mama. Nilijua hivyo.

Mvua fupi zilikuwa zinakatika. Asubuhi moja kisosi kilikuwa kitupu, nikaingia jikoni kutafuta vidonge vyangu. Nikafungua mkebe wa majani ya chai. Ndani kulikuwa na bahasha ndogo za karatasi, zile za zahanati. Vidonge ni vile vile vyangu, rangi ile ile. Nje imeandikwa kwa kalamu: Wairimu.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua managu.

"Mama Njeri, hizi ni za nani?"

"Si zimeandikwa jina."

"Tangu lini?"

Aliendelea kuchambua. "Tangu Njeri afutwe kazi."

"Njeri alifutwa kazi?"

Mikono yake ikasimama. Aliinua uso, na hakuniangalia macho. Aliniangalia pua. Alikuwa anangoja damu.

Sijawahi kuona upendo wa namna ile, na sijawahi kuaibika namna ile. Nikavuta kigoda kingine nikakaa. Nikamwambia aseme yote, na kwamba nimeshameza. Nilikuwa sijameza, lakini nilimeza papo hapo, kimoja kutoka bahasha yake, na akanikaripia kwamba ya mtu mwingine haimezwi. Alisema kweli, usifanye hivyo.

Basi akasema. Njeri alifutwa kazi wakati viazi vinatoa maua, na simu zote za Jumapili alikuwa anapiga akiwa kwa rafiki yake, akiuza matunda. Ng'ombe alikufa kabla ya baridi. Yule niliyekuwa naambiwa anakula vizuri hakuwepo. Upepo uliezua mabati ya jikoni kule shambani, na yeye mwenyewe alisimama chini akimpa fundi misumari. Maneno mengine ya kanisani. Dada yangu aliyekataa kusalimiana naye. Halafu yeye mwenyewe: kizunguzungu sokoni, wanawake wa mboga wakamshika, zahanati wakampima. Alhamisi hapakuwa na chama, alikuwa anaenda zahanati.

Nikamuuliza kwa nini. Swali la kijinga, lakini nililiuliza.

"Wewe ulisema usipewe presha, Baba Njeri," akasema. Hakusema kwa ukali. "Nami ningempa nani?"

Nilikuwa nimeapa kaburini kwamba sitamwekea mzigo wa mwili wangu akiwa ananigeuza kitandani. Na kumbe nilikuwa nimemtwika nyumba nzima, mimi nikiwa mzima, nimesimama kwa miguu yangu, nakula.

Tulichambua managu pamoja mpaka yakaisha. Nilipaka matope kila mahali, akaniambia nichambue polepole. Nilimpigia Njeri simu mimi mwenyewe. Alipojua ninajua, alilia, na mimi nikamwambia aje nyumbani na matunda yake, Bondeni kuna wanunuzi wengi kuliko Naivasha. Yuko hapa sasa, pembeni ya stoo. Ndiye amenisahihishia herufi za maandishi haya, na amekataa kusahihisha maneno.

Tulihamisha kitabu cha Wairimu kutoka zahanati kikaja kliniki yetu ya Jumanne. Siku ya kwanza Mama Zuhura alisogea bila kuulizwa, akamwonyesha mahali pa msumari. Sista Chebet alinipima mimi kwanza, kwa mkanda wa kawaida, na ukatosha. Presha yangu ilikuwa mahali anapotaka. Kilo tisini na nane. Akampima Wairimu, akapima tena, na mimi nikakujua kule kukaza midomo. Nilishika mkoba wake nikangoja. Ni kazi ngumu kuliko kupimwa, kungoja mtu wako apimwe. Ndiyo kazi aliyofanya yeye miezi yote ile, na kwa siri. Sista akasema bado iko juu, lakini tutaishusha, mama, bora upumzike na usibebe kila kitu peke yako. Akanigeukia mimi akisema hivyo.

Tulirudi kwa miguu. Nilimwambia kama kuna lingine lililobaki, aliseme. Tulivuka barabara kwanza.

"Kuna moja," akasema. "Ile shehena ya mwezi wa baridi. Ulinunua viazi vilivyopigwa na baridi, Baba Njeri. Vilikuwa vyeusi ndani. Mtaa mzima ulijua. Mimi nilijua siku vinashuka, nikavinusa. Ukasema ni viazi vizuri kwa sababu uliongea na mwenye shamba na akakuita mkubwa. Nani ananunua viazi kwa kuitwa mkubwa?"

Nikasema hilo lilishapita.

Akasema halijapita, kwa maana wiki ijayo nitaenda tena kwa mtu yule yule, anayejua udhaifu wangu. Akasema pia nakoroma, kwamba kofia yangu ya kanisani inanuka, na kwamba ile siku ya posa ya mtoto wa dada yangu niliongea sana. Sauti yake ilipanda njia nzima. Watu waligeuka. Kijana mmoja wa bodaboda alisema pole mzee.

Nilimsikiliza mpaka langoni. Kichwa hakikuuma, pua haikutoa kitu. Nilimfungulia lango, akaingia akiendelea, na mimi nikamfuata ndani nisikie yaliyobaki.